Jinsi ya kusoma rekodi na ukoo wa farasi bingwa: tumchukue Frankel

Watu wengi wakianza kufuatilia mbio za farasi wanauliza swali moja tu, kashinda mara ngapi. Frankel alikimbia mara 14 akashinda zote 14, basi wanasema bingwa na wanaishia hapo, na mi naona wanajinyima utamu wote maana wapo farasi kibao ambao hawajawahi kufungwa kwa sababu tu walipangiwa vibonde. Ukitaka kujua ukubwa wa farasi soma wale aliowapiga, hasa walifanya nini baada ya kupigwa. Na ukitaka kujua damu yake ina kitu, soma watoto, halafu subiri wajukuu. Kazi yote nd'o hiyo, sasa twende nayo taratibu.

Kwanza tafuta rekodi yake mbio kwa mbio. Kila mstari utakuta tarehe, uwanja, umbali, daraja, hali ya ardhi, nafasi aliyomaliza na pengo. Umbali wa Uingereza unahesabiwa kwa falongi, moja ni kama mita 200, kwa hiyo falongi 8, yaani maili moja, ni kama mita 1600. Pengo linahesabiwa kwa urefu wa farasi, chukulia mita 2.4 hivi kwa urefu mmoja. Daraja la juu kabisa ni Grupu 1, chini yake Grupu 2 na Grupu 3. Frankel kwenye zile 14 ana Grupu 1 kumi, na tisa kati ya hizo zimefuatana bila kukatika, kuanzia mbio iitwayo 2000 Guineas ya Aprili 2011 mpaka siku anastaafu Oktoba 2012. Usihesabu ushindi kabla hujaangalia daraja.

Sasa uhondo wenyewe. Chukua jina la aliyeshika namba mbili, lifuatilie mbele. Mbio ya kwanza kabisa ya Frankel ilikuwa Newmarket, Agosti 2010, akashinda kwa nusu urefu tu. Mtu asiyejua ataona mbona kawaida. Lakini aliyekuwa nyuma yake anaitwa Nathaniel, na Nathaniel mwaka uliofuata akachukua King George pale Ascot, 2012 akachukua Eclipse, zote Grupu 1. Kumbe siku ile ya watoto wanaoanza kukimbia walikutana mabingwa wawili!

Mfano mkali zaidi ni Excelebration. Huyu alikutana na Frankel mara tano na mara zote tano akatoka mgongoni kwake, kwenye mbio ya Queen Anne ya 2012 kaachwa urefu 11 mzima. Ukiishia hapo utasema Excelebration wa kawaida tu, sasa angalia siku ambazo Frankel hayupo: Septemba 2011 anashinda Prix du Moulin Ufaransa, Agosti 2012 anashinda Jacques le Marois, Oktoba 2012 anashinda Queen Elizabeth II pale Ascot. Zote Grupu 1. Yaani mwaka mwingine wowote huyu angekuwa nd'o mfalme wa maili moja Ulaya, ila alizaliwa mwaka mmoja na mtu mbaya. Kuna Farhh naye, namba mbili nyuma ya Frankel kwenye mbio ya Sussex pale Goodwood na tena York 2012, mwaka 2013 Frankel keshaondoka jamaa anachukua Lockinge na Champion Stakes. Na Canford Cliffs alipokwenda Goodwood Julai 2011 alikuwa na Grupu 1 tano mfululizo, ameshampiga mpaka Goldikova, jike bingwa wa Ufaransa, akaachwa na Frankel urefu tano. Hivi nd'o vitu vinavyofanya ile 14 kwa 14 iwe na uzito.

Halafu usiziogope mbio alizoshinda kwa shida, zisome kwa makini kuliko zile za urefu 11. Ukiacha ile ya kwanza kabisa, Frankel ana mbili. Mbio ya St James's Palace, Juni 2011, joki wake Tom Queally alimwachia mapema mno kumfukuza farasi aliyewekwa mbele kuvuta kasi, wakafika mwisho Zoffany anakuja kwa nguvu na pengo likabaki robo tatu ya urefu. Ya pili ni ya mwisho kabisa, Champion Stakes, ardhi imeloa, kachelewa kutoka kwenye geti, na mpinzani ni Cirrus des Aigles ambaye alishinda mbio hiyohiyo mwaka uliotangulia na tope kwake ni nyumbani. Frankel akashinda kwa urefu mmoja na robo tatu. Mi hiyo naiheshimu kuliko Queen Anne, maana kila kitu siku ile kilikuwa upande wa mwenzake.

Angalia pia nani alimfundisha na alifanya nini. Frankel akiwa mdogo alikuwa anavuta hatamu vibaya, anataka kwenda shoti tangu hatua ya kwanza, na farasi wa hivyo wengi wanajimaliza wenyewe. Henry Cecil na watu wake wa Newmarket walimtuliza kidogo kidogo mpaka akaweza kwenda zaidi ya falongi 10 pale York, Agosti 2012, akashinda kwa urefu saba. Cecil kipindi chote hicho alikuwa anaumwa saratani, akafariki Juni 2013. Kwa kweli mi siwezi kuitazama ile mbio ya York bila kuguswa.

Ila kuwa mkweli na mapungufu pia. Frankel hakuwahi kukimbia nje ya Uingereza, na hakuwahi kukimbia falongi 12, kwa hiyo Derby ya Uingereza na Arc ya Ufaransa hazimo. Timeform, kampuni ya Uingereza inayopima farasi kwa alama, walimpa 147, juu ya kila farasi wa mbio zisizo na viunzi waliyewahi kumpima, Sea-Bird alikuwa na 145. Ikubali hiyo namba lakini jua imepimwa kwenye maili moja mpaka falongi 10 na ushee.

Haya, ukoo. Chora baba upande mmoja mama upande mwingine, vizazi vinne vinatosha. Baba ni Galileo, mshindi wa Derby 2001, mtoto wa Sadler's Wells, ambaye ni mtoto wa Northern Dancer. Mama ni Kind, alikuwa mwepesi wa mbio fupi, baba yake Danehill, mtoto wa Danzig, ambaye naye ni mtoto wa Northern Dancer. Umeona? Frankel ni kitukuu cha Northern Dancer kwa baba na kilembwe chake kwa mama. Wafugaji wanaandika 3x4, namba ya kwanza ni kizazi upande wa baba, ya pili upande wa mama. Na soma umbali pia, baba wa mbio ndefu, mama wa mbio fupi, mtoto katokea katikati.

Lakini usije ukadhani karatasi inatosha. Noble Mission ni ndugu yake baba mmoja mama mmoja, farasi mzuri tu, alishinda Champion Stakes 2014, ila alihitaji mpaka umri wa miaka mitano kufika huko na hakuna anayemweka meza moja na kaka yake.

Kwenye uzazi kitu cha kwanza ni subira. Mimba ya farasi ni miezi 11, uhimilishaji hauruhusiwi kwa Thoroughbred, yaani hii aina ya farasi wa mbio, lazima jike apelekwe kwa dume, na mtoto anaanza kukimbia akiwa na miaka miwili. Frankel alianza kupandisha 2013 shamba la Banstead Manor, watoto wakazaliwa 2014, wakaanza mbio 2016. Kwa hiyo yeyote aliyemhukumu kabla ya hapo alikuwa anabahatisha. Pia ada ya kupandisha haikuambii ubora, inakuambia matumaini: alianza na pauni 125,000 kabla hata hajazaa, kufikia 2024 ikawa 350,000, na hiyo ya pili sasa nd'o imelipiwa na matokeo.

Kisha angalia majike. Dume ghali anapelekewa majike bora, hivyo sifa lazima ugawe. Grupu 1 ya kwanza ya watoto wake ililetwa na Soul Stirring, Japani, Desemba 2016, na mama yake Stacelita mwenyewe alishinda Prix de Diane, Grupu 1 ya Ufaransa. Kwa hiyo tafuta upana, umbali tofauti na mama tofauti. Hapo Frankel anatisha: Chaldean 2000 Guineas ya 2023 kwenye falongi 8, Adayar Derby ya 2021, Logician na Hurricane Lane St Leger ambayo ni zaidi ya falongi 14, Alpinista Arc ya 2022. Yeye hakukimbia falongi 12 hata siku moja, watoto wanashinda huko. Akawa dume bora wa Uingereza na Ireland 2021 na tena 2023.

Mwisho shuka kwa wajukuu, hapa nd'o utajua kama dume anarithisha urithishaji wenyewe. Anza na wana waliobaki madume. Cracksman, mtoto wa Frankel aliyeshinda Champion Stakes 2017 na 2018, alipoanza kupandisha ada yake haikukaribia ya baba hata kidogo, na kwenye watoto wake wa mwanzo kabisa akatoka Ace Impact, ambaye 2023 alichukua Prix du Jockey Club kisha Arc, mwaka mmoja tu baada ya Alpinista.