Jinsi ya kusoma rekodi ya farasi kabla ya mbio za kuruka: hatua ninazozifuata mimi saisi

Nilianza usaisi, kazi ya kuwatunza na kuwaongoza farasi, Ngong, Nairobi, ambako farasi hukimbia tambarare, hakuna cha kuruka. Sasa ni mwaka wa tisa niko Uingereza, kwenye banda la mkufunzi wa farasi wa kuruka. Kila ifikapo Machi, wiki ya mbio kubwa kwenye uwanja wa Cheltenham, na tena Aprili wakati wa Grand National, mbio ndefu za vizuizi za uwanja wa Aintree, simu yangu hujaa ujumbe kutoka nyumbani: "Kaka, unamwona nani leo?" Nilikuwa nikijibu kwa jina moja la farasi. Nimeacha, maana jina tupu halimfundishi mtu kitu. Hapa naandika namna ninavyompima farasi, hatua kwa hatua. Mambo ya kuweka dau simo. Ninachotaka ni uweze kutazama mbio ukijua unatazama nini.

Hatua ya 1: Jua wanaruka nini

Mbio za mita 3000 za kuruka viunzi na maji, tunazojivunia Wakenya, wanariadha walizichukua kutoka kwa farasi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1752, huko Cork, Ireland, majirani wawili walishindana kwa farasi kutoka mnara wa kanisa la Buttevant hadi ule wa Doneraile, wakiruka kila ukuta na mtaro uliowakabili njiani.

Siku hizi kuna mbio za viunzi na kuna mbio za vizuizi, na usizichanganye. Kiunzi ni chepesi, kina kimo cha mita 1.07 hivi, na kinalala kikigongwa. Farasi mwenye kasi anaweza kukiparaza kwa miguu asipoteze kitu. Kizuizi ni tuta la vijiti vilivyoshindiliwa, mita 1.37 kwenda juu, na vingine vina mtaro mbele yake. Hakilali. Bingwa wa viunzi anaweza kufika kwenye vizuizi akaonekana kama hajawahi kuruka maishani mwake. Kwa hiyo kabla hujasoma tarakimu yoyote, tazama kadi ya mbio, ile orodha ya farasi na rekodi zao, uone kila tarakimu ilipatikana kwenye viunzi, kwenye vizuizi, au kwenye zile mbio za tambarare wanazoanzia farasi wachanga kabla ya kufundishwa kuruka.

Hatua ya 2: Soma mstari wa rekodi, kisha uliza sababu

Kando ya jina la farasi utakuta kitu kama hiki:

12/F3P-21

Kinasomwa kutoka kushoto, na mbio za karibuni zaidi ziko kulia kabisa. Tarakimu ni nafasi aliyomaliza. 0 maana yake alikuwa wa kumi au nyuma zaidi. Kistari kifupi kinatenganisha msimu na msimu. Mkwaju unaonyesha pengo refu, msimu mzima bila kukimbia. F alianguka. U alimwangusha mpandaji wake. B aliangushwa na mwenzake aliyeanguka mbele yake. R alikataa kuruka. P alisimamishwa na mpandaji kabla ya kumaliza.

Basi farasi wetu alianza vizuri, wa kwanza kisha wa pili, akapotea msimu mzima, akarudi akaanguka, akawa wa tatu, akasimamishwa. Msimu huu amekuwa wa pili, halafu akashinda. Wengi wanaishia hapo. Mimi hapa ndipo ninapoanza, kwa sababu herufi hizi ndizo zinazodanganya watu kuliko tarakimu.

Chukua F. Machi 2022 pale Cheltenham, Galopin Des Champs alikuwa akikimbia dhidi ya farasi wapya wa vizuizi. Alifika kizuizi cha mwisho akiwa peke yake, wenzake wako mbali nyuma. Akaruka, akatua vibaya, akaanguka. Kwenye kadi iliandikwa F, herufi ile ile anayoandikiwa farasi aliyechoka akajikwaa akiwa wa kumi na tano. Machi 2023 alirudi Cheltenham akashinda Gold Cup, mbio kuu za vizuizi za huko, kwa urefu wa farasi saba, na 2024 akaichukua tena. Aliyesoma herufi alimwona muangukaji. Aliyetazama picha alimwona farasi bora uwanjani. Kwa hiyo ukiona F, uliza: alianguka wapi, akiwa nafasi ya ngapi, akiwa bado na nguvu au amekwisha?

B haina lawama kabisa, ifute kichwani. U iangalie picha, maana mara nyingine ni farasi aliyekosea na mara nyingine ni mpandaji aliyepoteza mizani.

Herufi inayonishughulisha zaidi ni P. Nina farasi ninayemhudumia, sitamtaja, ambaye alisimamishwa majira ya baridi yaliyopita akiwa katikati ya mbio. Watu jukwaani walisema hana moyo. Mimi ndiye niliyekwenda kumpokea. Tulipokuwa tukitembea kurudi nilisikia kila anapovuta pumzi kooni mwake kunatoka sauti ya kukoroma, kama maji yanayomaliziwa kwenye mrija. Pua zilikuwa zimepanuka kabisa lakini hewa haiingii. Hakuwa mvivu, alikuwa anakabwa. Daktari wa mifugo alimfanyia upasuaji wa njia ya hewa, na mara ya pili baada ya kurudi alishinda bila kuchapwa fimbo hata moja. Tangu Januari 2018 kadi za mbio za Uingereza lazima zionyeshe farasi anayekimbia kwa mara ya kwanza baada ya upasuaji wa aina hiyo. Ukiona P nyuma na alama hiyo mbele, pale pana hadithi ya kusomwa.

Hatua ya 3: Mtazame akiruka, si akimaliza

Video za mbio zilizopita zinapatikana kwa urahisi. Mimi hutazama mbio moja mara tatu. Mara ya kwanza naziacha ziende. Mara ya pili namfuata farasi wangu peke yake, hata akipotea nyuma ya wenzake. Mara ya tatu nazima sauti, maana mtangazaji anakuvuta kwa kiongozi, na natazama vizuizi tu.

Tazama hatua tatu za mwisho kabla ya kizuizi. Farasi mzuri anajipangia mwenyewe: ama anarefusha hatua na kuruka kutoka mbali, ama anaifupisha, anajikunja na kuvuka kwa usalama. Asiyejua anafika akiwa amekaribia mno na bado anakwenda shoti. Utaona kichwa kinapanda juu na mpandaji anarushwa mbele hadi shingoni. Hesabu makosa hayo. Kosa moja dogo kwenye vizuizi kumi na minane si kitu. Makosa manne yote yanapokuja baada ya kilomita ya nne si makosa ya kuruka tena, ni uchovu.

Kisha angalia anatua upande gani. Wapo wanaopinda kulia kila wanaporuka. Kwenye uwanja unaozunguka kushoto, kama Cheltenham na Aintree, farasi huyo anajiongezea njia kwenye kila kizuizi. Mpeleke Kempton au Sandown, zinazozunguka kulia, ni farasi mwingine. Desert Orchid, yule mweupe aliyependwa na Uingereza nzima, alishinda mbio za King George za Kempton mara 4, mwaka 1986, 1988, 1989 na 1990. Cheltenham alishinda mara moja tu, Gold Cup ya 1989, kwenye tope, kwa ujasiri ambao wazee wa banda letu wanausimulia hadi leo. Bila kujua habari ya kulia na kushoto, rekodi yake ingekuchanganya.

Hatua ya 4: Ardhi

Mbio kubwa za kuruka ni za majira ya baridi, na mvua inageuza kila kitu. Kadi itakuambia hali ya ardhi: kavu, nzuri, nzuri inayoelekea laini, laini, nzito. Nzito ni tope linaloshika kwato na kukataa kuziachia. Pitia rekodi ya farasi, weka pembeni mbio za ardhi inayofanana na ya leo, na ulinganishe hizo peke yake. Mara nyingi utakuta farasi wawili ndani ya ngozi moja: kwenye ardhi nzuri 1, 2, 1, kwenye nzito 7, P, 0.

Usiamini hali ya ardhi iliyotangazwa jana. Isome asubuhi ya mbio. Kempton maji huzama haraka kwa sababu chini pana changarawe. 

Hatua ya 5: Umbali

Champion Hurdle, mbio za viunzi za Cheltenham, ni kilomita 3.3. Gold Cup ni kilomita 5.3 na vizuizi 22, na mita za mwisho ni kilima. Grand National ni kilomita 6.9 na vizuizi 30. Uliza mita zile za mwisho mara iliyopita alizimaliza vipi: alikuwa akiwafikia wenzake au akifikiwa? Anayewafikia huenda anataka umbali zaidi. Ila usimfungie farasi kwenye umbali wa msimu mmoja. Tiger Roll, farasi mwenye umbo dogo kabisa, mwaka 2014 alishinda Triumph Hurdle, viunzi vya kilomita 3.4 kwa farasi wa miaka minne. Mwaka 2018 na 2019 akashinda Grand National.

Hatua ya 6: Uzito

Kwenye mbio za kusawazisha, ofisa humpa kila farasi alama kulingana na uwezo wake, na mwenye alama nyingi hubeba ratili (karibu nusu kilo kila moja) nyingi zaidi. Hesabu tunayoitumia bandani ni kwamba ratili moja ni sawa na urefu wa farasi mmoja mwisho wa mbio.

Tuseme farasi wa kwanza alimshinda wa pili kwa urefu wa farasi wanne. Ofisa anamwongezea mshindi ratili 7 na aliyeshindwa ratili 1. Tofauti mpya ni 6. Kwa karatasi, safari hii aliyeshindwa yuko mbele kwa urefu wa farasi wawili. Hapo rudi kwenye video: je, yule mshindi alisukumwa hadi mwisho, au mpandaji alikaa kimya juu ya tandiko? Kama alikaa kimya, ule urefu wa wanne haukuwa kipimo chake, na ratili 7 zinaweza zisimtoshe. Kumbuka pia kwamba mpandaji chipukizi hupunguziwa ratili 7, 5 au 3 kulingana na idadi ya ushindi wake. Uzito peke yake haumzuii farasi mkubwa: Red Rum alishinda Grand National ya 1974 akiwa na ratili 168 mgongoni, yaani kilo 76.

Hatua ya 7: Banda analotoka

Hii ni fupi. Angalia wiki mbili zilizopita farasi wa mkufunzi huyo wamefanyaje. Wakisimamishwa watano mfululizo, huenda bandani kuna kikohozi, na farasi wako mzuri huenda anacho ila bado hakijaonekana. Angalia pia kama mkufunzi ana desturi ya kushinda na farasi waliotoka mapumzikoni. Wengine farasi wao wako tayari siku ya kwanza, wengine wanahitaji mbio mbili za kupasha misuli.

Hatua ya 8: Mtazame kwa macho

Kabla ya mbio farasi huzungushwa kwenye uwanja mdogo tunaouita padoki. Televisheni huwaonyesha kwa dakika chache. Usiende kupika chai.

Tazama mguu wa nyuma unakanyaga wapi. Farasi aliyelegea vizuri, kwato la nyuma linapita alama iliyoachwa na la mbele. Aliye mkavu mgongoni hatua yake inaishia kabla ya alama hiyo. Tazama ubavu: mbavu mbili za mwisho zionekane kwa mbali, kama vivuli, chini ya ngozi inayong'aa. Zisipoonekana kabisa, hajakamilika mazoezi. Jasho kidogo shingoni siku ya jua si tatizo, lakini povu jeupe katikati ya mapaja ya nyuma maana yake anatumia nguvu zake kabla mbio hazijaanza. Na mtazame saisi anayemwongoza. Akivutwa kidogo, ni dalili njema. Akiburutwa, la.

Hatua ya 9: Andika

Mbio zikiisha, kabla ya kusikiliza mtu yeyote, fungua daftari uandike mstari mmoja kwa kila farasi uliyemfuata. Usiandike nafasi, hiyo itachapishwa. Andika sababu. Wa kwangu wa Jumamosi iliyopita ni huu: "Wa 5. Ardhi nzito, hakuipenda. Alipinda kulia kwenye vizuizi vyote vya nyuma ya uwanja. Alikuwa bado anavuta hatamu hadi kizuizi cha tatu kutoka mwisho. Mngoje Kempton."