Kutafuta hitilafu za umeme katika reli ya mfano, hatua kwa hatua

Treni ya mfano inaposimama ghafla katikati ya njia, wengi wetu hukimbilia kukifungua kichwa cha treni, ilhali mara nyingi hitilafu iko kwenye reli, kwenye nyaya zilizo chini ya meza, au kwenye pointi, yaani mahali njia zinapogawanyika. Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia shemeji yangu wa Mombasa, ambaye aliletewa seti ya OO kutoka Uingereza akaipanua hadi ikajaza chumba. Nakusudia kueleza jambo moja hasa: hitilafu ya umeme haipatikani kwa kukisia wala kwa kuangaza macho, bali kwa kuigawa njia vipande vipande hadi kipande chenye kasoro kibaki peke yake.

Ninayoeleza yanahusu mifumo ya reli mbili, yaani OO ya uwiano wa 1:76 na HO ya 1:87, ambazo zote hutumia njia yenye upana wa milimita 16.5, pamoja na N ya milimita 9. Mfumo wa kampuni ya Märklin unaochukua umeme katikati ya njia haumo, kwa sababu reli zake mbili za pembeni ni ncha moja ya umeme, na kwa hiyo baadhi ya matatizo ya hapa chini hayatokei kabisa.

Hatua ya 1: Hakikisha umeme unatoka

Soma kibandiko cha transfoma kabla ya kuichomeka. Umeme wa majumbani Kenya na Tanzania ni wa volti 230 hadi 240, na transfoma iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutarajia volti 120, hivyo itaungua ukiichomeka moja kwa moja. Usiifungue transfoma yoyote, hata kama unajiamini. Kazi yetu yote iko upande wa volti ndogo.

Tenganisha nyaya zinazokwenda kwenye reli, kisha pima kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye matundu ya kutolea umeme. Kidhibiti cha kawaida, kile unachoongozea mwendo wa treni, hutoa umeme wa moja kwa moja (DC) wa volti 0 hadi 12 kulingana na unavyokizungusha. Mfumo wa kidijitali wa DCC, ambao asili yake ni kampuni ya Lenz ya Ujerumani na ambao NMRA, chama cha wapenzi wa reli za mfano cha Marekani, kiliufanya kiwango katika miaka ya 1990, hutoa takriban volti 14 hadi 16, nao hupimwa kwa upande wa umeme geu (AC). Kumbuka kwamba ishara ya DCC hugeuka maelfu ya mara kwa sekunde, ilhali multimita ya bei nafuu imeundwa kwa umeme wa nyumbani unaokamilisha mizunguko 50 tu kwa sekunde. Namba utakayoiona inaweza kupotoka, kwa hiyo itumie kulinganisha sehemu moja na nyingine.

Hatua ya 2: Tambua aina ya tatizo

Matatizo ni ya aina tatu, na kila moja lina njia yake. Umeme unaweza kuwa haufiki. Unaweza kufika ukiwa dhaifu, treni ikapunguza mwendo kadiri inavyokwenda mbali na kidhibiti. Au kunaweza kuwa na shoti, kidhibiti kikajizima au taa yake ya tahadhari ikawaka. Usianze kurekebisha chochote kabla ya kujua unashughulika na lipi kati ya haya.

Hatua ya 3: Safisha

Futa reli kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa spiriti ya isopropili, kisha ufanye vivyo hivyo kwa magurudumu ya vichwa na ya mabehewa. Usitumie msasa, kwa sababu mikwaruzo yake ndiyo huhifadhi uchafu unaofuata.

Hatua ya 4: Umeme dhaifu, na kwa nini multimita inaweza kukupotosha

Pima volti kwenye reli zilizo mbali kabisa na kidhibiti bila treni juu yake, na huenda ukaona volti 12 kamili, ukahitimisha kwamba hapo hapana tatizo. Hitimisho hilo si sahihi. Multimita inapopima volti huchukua umeme kidogo mno, na hata kiungio kilicholegea au kilichoota kutu hupitisha kiasi hicho bila shida. Udhaifu hujitokeza pale tu mzigo unapouvuta umeme. Kwa hiyo weka mzigo. Chukua balbu ndogo ya gari ya volti 12 na wati 5, iunganishe nyaya mbili, uguse reli zote mbili mahali unapopima, kisha usome volti balbu ikiwa inawaka. Ikishuka sana mahali fulani kuliko kwenye kipande kilichotangulia, kasoro iko katikati ya sehemu hizo mbili.

Chanzo cha kawaida ni vile viungio vidogo vya chuma vinavyoshika ncha za reli. Kazi yake halisi ni kuzinyoosha reli zikae sambamba, na kuvitegemea kupitisha umeme ni kuvitwisha mzigo visioweza kuubeba kwa muda mrefu, hasa pwani ambako hewa ya chumvi hula kila chuma. Dawa yake ni kuilisha kila reli kwa waya wake mfupi ulioshikizwa kwa lehemu ya risasi chini au pembeni, ukishuka hadi kwenye nyaya kuu mbili zinazopita chini ya meza. Wapo wanaolehemu viungio vyote badala ya kushusha nyaya, lakini mimi sikubaliani nao: reli hutanuka chumba kinapopata joto, na njia isiyo na mwanya wowote hupinda.

Kuhusu unene wa nyaya kuu, fanya hesabu. Shaba ina ukinzani wa takriban omu 0.0175 kwa kila mita moja ya waya wenye milimita moja ya mraba. Meza ikihitaji mita 10 za kwenda na mita 10 za kurudi, waya wa milimita za mraba 0.5 utakuwa na omu 0.7, na treni zinazovuta ampea 2 zitapoteza volti 1.4 njiani. Waya wa 2.5, ule ambao mafundi hutumia kwa soketi za nyumba na ambao kila duka la vifaa vya ujenzi huuza, utapoteza chini ya volti 0.3. Tumia huo, na wa 0.5 uuache kwa vipande vifupi vya kushukia ambavyo havizidi sentimita 30.

Hatua ya 5: Shoti

Hapa ndipo saa nyingi hupotea, kwa hiyo naomba msomaji asiruke sentensi hata moja.

Kwanza ondoa kila kitu juu ya reli: vichwa, mabehewa, hata lile behewa moja lililosahaulika kwenye njia ya maegesho. Shoti ikitoweka, imo kwenye magari. Rudisha moja baada ya jingine hadi irudi, kisha chunguza magurudumu ya gari hilo. Ekseli nyingi zimehamiwa, yaani zimezuiwa kupitisha umeme, upande mmoja tu, na katika behewa lenye fremu ya chuma ekseli moja iliyogeuzwa hutosha kuunganisha reli zote mbili. Pima pia nafasi kati ya migongo ya magurudumu, ambayo kwa OO ya kawaida hukaribia milimita 14.5; yakikaribiana mno, hugusa reli isiyo yake kila yanapopita kwenye pointi.

Shoti ikibaki njia ikiwa tupu, usiendelee kukiwasha na kukizima kidhibiti. Nenda kwenye duka la vipuri vya magari ununue balbu ya volti 12 na wati 21, ile ya taa ya breki au ya kuonyesha kona, pamoja na kishikizo chake. Kata mojawapo ya nyaya kuu karibu na kidhibiti na uiweke balbu hapo katikati, ili umeme wote upitie ndani yake. Uzi wa balbu ukiwa baridi una ukinzani mdogo. Njia ikiwa nzima na tupu, balbu haiwaki. Penye shoti uzi hupata moto, ukinzani wake hupanda, nayo huwaka kwa nguvu huku ikiuzuia umeme usizidi ampea 1.75 hivi. Kidhibiti hakijizimi, nawe unapata ishara unayoiona kutoka upande wowote wa chumba, hata ukiwa umelala chali chini ya meza. Sijaona kifaa cha bei yoyote kinachoifanya kazi hii vizuri zaidi. Zingatia mambo mawili tu: balbu hupata joto kali, hivyo itundike mbali na mbao na plastiki, na kidhibiti kidogo kisichofika ampea 1 kitajizima kabla balbu haijawaka, kwa hiyo hicho kipe balbu ya wati 5.

Sasa gawanya. Tenganisha nyaya kuu katikati ya meza. Balbu ikizimika, shoti iko katika nusu uliyoitenga. Ikiendelea kuwaka, iko katika nusu iliyobaki. Igawanye nusu yenye kasoro tena na tena. Meza yenye vipande 16 huhitaji majaribio 4 tu. Ni kwa sababu hii napendelea viunganishi vya skrubu kuliko vile vibano vya plastiki vinavyotoboa ganda la waya: skrubu hulegezwa na kukazwa tena, lakini kibano hakirudii ubora wake kikishafunguliwa.

Tahadhari kubwa ni hii: kugawanya nyaya bila kuzigawanya reli hakukufikishi popote. Njia ya duara hulishwa kutoka pande mbili, na kipande unachodhani umekitenga kinaendelea kupata umeme kupitia reli za jirani, hivyo balbu inaendelea kuwaka nawe unailaumu sehemu isiyo na hatia. Kila kipande lazima kiwe na viungio vya plastiki kwenye reli zote mbili na kwenye ncha zote mbili. Kama meza yako ilijengwa bila hivyo, telezesha pembeni viungio vya chuma au ukate reli kwa msumeno mwembamba kabla ya kuendelea.

Vilevile, ukitumia mlio wa multimita badala ya balbu, zima umeme na utenganishe kidhibiti kwanza. Mota ya kichwa kilichosahaulika njiani inaweza kuonyesha omu chache, na multimita nyingi hulia kana kwamba ni shoti. Mabehewa yenye taa na dekoda za pointi (vifaa vinavyopokea amri za DCC) hutoa majibu ya kupotosha pia.

Kipande kikishajulikana, mshukiwa wa kwanza ni pointi. Geuza kila pointi, moja baada ya nyingine, ukiitazama balbu. Shoti inayokuja pointi ikielekezwa upande mmoja tu kwa kawaida inatoka kwenye moyo wake, yaani ile sehemu yenye umbo la V ambapo reli mbili za ndani hukutana. Katika pointi zenye moyo wa chuma unaopitisha umeme, ncha ya umeme ya moyo hubadilika kufuatana na njia iliyochaguliwa, na kwa hiyo reli mbili zinazotoka kwenye moyo huo lazima zifuatwe na viungio vya plastiki. Kiungio kimoja cha chuma hapo kinatosha kuleta shoti. Kama moyo hulishwa na swichi, angalia kama nyaya mbili za swichi hiyo hazikubadilishana. Pale ambapo ndimi za pointi bado zimeunganishwa na moyo, kosa hilo huleta shoti mara tu unapogeuza. Pale ambapo zimetengwa, shoti husubiri hadi gurudumu livuke mwanya wa kuingia moyoni.

Mshukiwa wa pili ni mchoro wenyewe wa njia. Chora njia yako kwenye karatasi, reli moja kwa penseli nyekundu na nyingine kwa nyeusi, ukizifuata bila kuinua mkono. Mahali nyekundu inapokutana na nyeusi pana kitanzi kinachoirudisha treni ilikotoka ikielekea upande mwingine, au pembetatu, na hapo shoti ni ya lazima hata kama kila lehemu ni safi. Tenga kitanzi hicho kwenye reli zote mbili, ncha zote mbili, kiwe kirefu kuliko treni yako ndefu kuliko zote. Kwa DCC kipe kigeuzi cha kujiendesha. Kwa mfumo wa kawaida swichi ya kugeuza ncha za umeme inatosha.

Kwa wanaohamia DCC wakitumia njia zao za zamani, kagua kile kiunganishi cha kuingizia umeme kwenye reli. Vingine vya mfumo wa kawaida vina kapasita ndani (kifaa kidogo kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi) ya kupunguza kelele za redio, nayo huiharibu ishara ya kidijitali. Kiondoe.

Hatua ya 6: Mota za pointi

Mota za sumaku hazitaki umeme wa kuendelea. Kitufe kikibonyezwa kwa muda mrefu, koili huungua. Pointi inayogeuka nusu tu kwa kawaida inahitaji kifaa cha kapasita kinachomwaga umeme kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya 7: Jaribio la sarafu kwa DCC

Toa ile balbu kwanza, urudishe waya mkuu kama ulivyokuwa. Kisha tembea na sarafu, ukiilaza juu ya reli zote mbili katika kila kipande. Kituo cha DCC, yaani kidhibiti chake, lazima kijizime papo hapo. Kisipojizima, kiungio fulani au waya mwembamba unauzuia umeme usitoshe kukistua, na hiyo ni hatari, kwa kuwa ampea 5 za volti 15 ni wati 75 za joto zinazoweza kuyeyusha gari la plastiki likipata shoti mahali hapo. Rudi Hatua ya 4 kwa kipande hicho, uongeze waya wa kushukia, na usiiache treni ikipita hapo hadi sarafu ikizime kituo bila kusitasita.