Somo: Kuendesha semina ya uungwana na migogoro kwa waamuzi wa michezo ya shule

Semina hii ikishafanywa ya lazima, wengi huja kusaini mahudhurio tu. Ukiipanga kama mhadhara, umewapa ruhusa ya kusinzia. Mwamuzi hujifunza kukabili mgogoro kwa kufokewa, kujibu, kurekebishwa, kisha kufokewa tena. Kwa hiyo katika saa tatu, saa mbili ziende kwenye maigizo.

Washiriki wasizidi 18 kwa mwezeshaji mmoja. Kila mmoja aje na filimbi na kadi zake. Wewe andaa fomu tupu za ripoti.

Hatua ya 1: Mipaka ya mamlaka (dakika 25). Tangu mwaka 2019 sheria za soka zinaruhusu benchi la ufundi kuonyeshwa kadi, njano au nyekundu. Aliyetukana asipotambulika, kadi anaibeba kocha mwenye cheo cha juu aliyepo pale. Kwenye voliboli, kadi nyekundu ikionyeshwa peke yake haimtoi mtu. Wapinzani wanapata pointi na sevu. Waliozoea soka hujichanganya hapa, lirudie. Wazazi na mashabiki ni kazi ya mwenyeji wa mechi, hivyo kabla ya kuanza mwamuzi amjue kwa sura mtu atakayemwita.

Hatua ya 2: Ngazi tatu (dakika 15). Sikiliza na ujibu kwa ufupi, onya waziwazi, adhibu bila hotuba. Onyo liwe hivi: "Kocha, nimekusikia. Hilo limeisha. Likirudiwa, ni kadi." Matusi ya rangi au kabila, vitisho na kusukumana haviombi onyo, nenda moja kwa moja kwenye adhabu.

Hatua ya 3: Maigizo (dakika 120). Gawa watu watatu watatu: mwamuzi, mlalamikaji na mtazamaji mwenye karatasi. Igizo dakika 2, maoni dakika 3, badilishaneni zamu. Wote wakishapita, rudieni tukio lile lile kabla ya kuhamia jingine, maana mara ya pili ndipo mtu anarekebisha alichoambiwa. Kila tukio linakula nusu saa, kwa hiyo chagua manne:

- penalti iliyokataliwa dakika za mwisho
- wachezaji wanne wamemzunguka mwamuzi
- mzazi anamfuata baada ya mechi
- kocha anamtukana mchezaji wake mwenyewe (hili husahaulika, na kwenye michezo ya shule ndilo zito kuliko yote)

Mtazamaji aangalie mikono na miguu kuliko maneno. Mwamuzi akimfuata kocha huku mkono umeshaingia mfuko wa kadi, kocha hasikii tena lolote, anaona ameshahukumiwa. Asimame hatua mbili hivi kutoka kwake, kwa upande kidogo, kwani kukabiliana uso kwa uso hugeuka mashindano. Neno "tulia" nalo huchochea, kwa sababu linamlenga mtu badala ya kosa. Ataje kitendo: "Rudi ndani ya eneo lako."

Maigizo huharibika pale anayeigiza kocha anapofanya vichekesho. Mpe malalamiko matatu yaliyoandikwa na umwambie asiache mpaka apate jibu la maana.

Hatua ya 4: Ripoti (dakika 20). Dakika ya tukio, mhusika, maneno yenyewe, hatua iliyochukuliwa. "Alitumia lugha chafu" haiisaidii kamati ya nidhamu hata kidogo. Tusi liandikwe neno kwa neno, hata likichefua. "Alikuwa amelewa" pia ni dhana. Andika ulichokiona na kukisikia.

Maswali ya wanachama

*Mzazi akiingia uwanjani mpira ukichezwa?*
Simamisha. Wachezaji waende karibu na mabenchi yao, waamuzi wakae pamoja, mwenyeji amtoe. Usimguse wala usibishane naye. Kwenye soka, kama ulisimamisha kwa sababu yake, mchezo unaendelea kwa mpira wa kudondoshwa.

*Mkuu, mwamuzi akigundua amekosea na mchezo umeshaendelea, akiri?*
Uamuzi wa soka haubadiliki mchezo ukishaanzishwa tena. Anaweza kumwambia nahodha mara moja, "Inawezekana sikuliona vizuri," akaishia hapo. Asijaribu kufidia: penalti ya kufidia ni kosa la pili, na upande wa pili nao utaliona.

*Tuna wanafunzi wa sekondari wanaochezesha watoto wadogo. Nao wapitie yote haya?*
Hatua ya 1 na ya 4 ndiyo, mwalimu. Maigizo yao yawe mafupi: piga filimbi, simamisha, mwite msimamizi. Kubishana na mtu mzima si kazi yao, na wasipangiwe mechi ambayo haina msimamizi mtu mzima pembeni.

*Mtu akifaulu maswali ya kuandika lakini akashindwa igizo?*
Asipewe cheti bado. Arudie tukio alilokwama, na mlalamikaji awe mwingine, si yule aliyeshamzoea.