Ushahidi wa kielektroniki: wakili aanzie wapi

Mwongozo huu ni wa mawakili wa kesi za madai Marekani, hasa California. Kamati ya maadili ya Chama cha Mawakili cha jimbo hilo ilitoa maoni rasmi Na. 2015-193, na ujumbe wake uko wazi: kama huwezi kushughulikia data za kesi yako, jifunze, shirikiana na anayejua, au usiipokee. Ukimweka mtaalamu, bado wewe ndiye wa kumsimamia.

Hatua ya 1: Zuia ufutaji wa data siku hiyohiyo unapopokea kesi. Mwandikie mteja notisi ya kuhifadhi kumbukumbu, kisha uzungumze mwenyewe na fundi wa mifumo wa kampuni yake. Notisi ikiishia mezani kwa mkurugenzi, mfumo unaojifuta wenyewe utaendelea kufuta. Muulize fundi: barua pepe hukaa muda gani? Simu za walioacha kazi ziko wapi? Nani anajadili kazi kwenye WhatsApp, na je, amewasha ujumbe unaotoweka? Nakusihi usiharakishe hapa, maana kilichofutwa mara nyingi hakirudi. Katika mahakama za shirikisho, Kanuni ya 37(e) ya mwenendo wa kesi za madai, iliyorekebishwa 2015, inamruhusu jaji hata kumaliza kesi dhidi ya mteja aliyepoteza data kwa nia ya kuunyima upande wa pili ushahidi.

Hatua ya 2: Orodhesha wenye data. Waanze mashahidi wako.

Hatua ya 3: Jaribu maneno ya kutafutia nyaraka kabla ya kuyakubali na upande wa pili. Tafuta kwanza ndani ya barua pepe za hao mashahidi. Katika kesi ya Qualcomm dhidi ya Broadcom, kampuni mbili za teknolojia, huko San Diego, shahidi mmoja wa Qualcomm alikutwa na barua pepe 21 zilizohusika kesi ikiwa inasikilizwa. Baadaye zikaibuka nyaraka zaidi ya 46,000 ambazo hazikutolewa. Mwaka 2008 Qualcomm iliamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 8.5.

Hatua ya 4: Soma kabla ya kukabidhi. Mfano uliomo kwenye maoni ya California ni wa wakili aliyetegemea makubaliano ya kurudishiwa nyaraka zilizotolewa kimakosa, akaacha mtaalamu wa upande wa pili achote data bila yeye kuipitia. Makubaliano yalilinda tu siri za wakili na mteja na kazi ya wakili ya kuandaa kesi. Mipango ya bidhaa mpya za mteja ikaishia mikononi mwa mshindani wake. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, hakikisha siri za biashara nazo zimetajwa, na katika mahakama ya shirikisho omba pia amri chini ya Kanuni ya 502(d) ya ushahidi, ili siri za wakili na mteja zikitolewa zisipoteze ulinzi wake.