Kifurushi cha chakula cha kupunguza uzito: kipime kabla hujalipia mwezi

Dar siku hizi matangazo yamejaa kwenye simu: milo mitatu ya kuletewa, kalori zimeshahesabiwa, bodaboda anakukabidhi mpaka mapokezi ya ofisini. Wifi yangu alitaka kujiunga, akaniomba nimwangalizie kwa kuwa mimi ni mpishi. Nilichomwelekeza ndicho hiki. Kifurushi kinafanya kazi kwa sababu moja tu, kwamba mtu mwingine amekupakulia kidogo. Kama hakupakua kidogo, umenunua chakula cha bei ghali, basi.

Hatua ya 1: Nani aanzie kliniki

Kama unachoma insulini au unameza vidonge vya sukari kama glibenclamide, usianze kabla ya kuonana na daktari wako. Ukipunguza chakula ghafla huku dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka hadi ukaanguka. Mwenye dawa za presha naye aulize. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri.

Hatua ya 2: Jua kiasi chako

Wauzaji wengi wanampa kila mtu kalori 1,200 kwa siku, mrefu kwa mfupi. Piga hesabu yako mwenyewe: uzito kwa kilo mara 10, jumlisha urefu kwa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5. Mwanamke atoe tena 161, mwanamume ajumlishe 5. Jibu zidisha kwa 1.2 kama unakaa kitini kutwa, au 1.375 kama unatembea kiasi, kisha toa 500.

Mama wa miaka 40, kilo 85, sentimita 160, anayetembea kiasi: 850 + 1,000 − 200 − 161 ni 1,489. Mara 1.375 ni kama 2,050. Toa 500, anabaki na 1,550. Huyu ukimpa 1,200, siku mbili tatu tu utamkuta kwa muuza chipsi.

Hatua ya 3: Nunua siku tatu tu

Kulipa na kuelekeza bodaboda unajua. Wakikwambia ni lazima mwezi mzima, tafuta wengine. Mimi napendelea jiko linaloleta kila asubuhi kuliko linaloleta vya wiki nzima Jumatatu. Na "kifurushi cha juisi za kusafisha mwili" usikiguse: utapungua maji, na njaa utakayobaki nayo itakudai na riba.

Hatua ya 4: Fungua kontena upime

Hatua hii ndiyo iliyotumalizia jioni nzima, kwa hiyo nenda nayo polepole.

Tafuta mzani wa jikoni wa dijitali unaopima gramu moja moja. Ule wa mshale wa dukani achana nao. Gramu 40 za wali kwake ni hewa. Weka bakuli tupu, bonyeza irudi sifuri, kisha pima kila kitu peke yake.

Kontena la mchana la wifi liliandikwa kalori 450. Ndani mlikuwa na wali gramu 210, kidari cha kuku bila ngozi gramu 90, na maharage gramu 120 baada ya kuchuja mchuzi. Wali mweupe una kalori kama 130 kwa gramu 100, kidari cha kuokwa 165, maharage ya kuchemsha karibu 130. Jumla inafika kama 577, na mafuta bado hatujayagusa.

Tulibishana na muuzaji kwenye simu mpaka kikajulikana chanzo: jiko lao lilipima kuku aliyeiva, likahesabu kwa kalori za kuku mbichi, na wali likakadiria kwa upawa. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza muuzaji yeyote ni hili: gramu zenu ni za kibichi au za kilichoiva? Mchele mkavu gramu 100 una kalori kama 360. Ukiiva unanywa maji na kuwa mzito karibu mara tatu. Ukichanganya vipimo hivyo viwili, hesabu haitakaa sawa hata ukeshe.

Mambo mengine ya kuangalia hapohapo:

Kuku au samaki mwenye mifupa, pima kabla ya kula, halafu pima mifupa uitoe. Ugali unategemea ugumu, kwa hiyo usiamini namba moja ya mtandaoni. Kifungashio kutoka nje kikiandika kJ, gawa kwa 4.2 upate kalori.

Sasa mafuta. Mpishi akitaka sifa anaongeza mafuta, nasema kama mpishi. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120 hivi, na mzani hautakuonyesha. Chuja mchuzi ungali moto kwa chujio la chai, uumimine kwenye glasi nyembamba inayoonyesha ndani, uache nusu saa. Mafuta yatapanda juu na kujitenga, rangi ya dhahabu au nyekundu ya nyanya. Yaengue kwa kijiko uhesabu vijiko. Mengine yamebaki yameng'ang'ania maharage, kwa hiyo ongeza kidogo kwenye hesabu. Mchuzi wa nazi haujitengi hivyo. Uweke friji usiku kucha, utakuta tabaka jeupe gumu juu. Wali ukiushuku, mwagia maji ya moto kwenye bakuli uone kama macho ya mafuta yanaelea. Samaki wa kukaanga hapimiki kwa njia yoyote ya nyumbani: omba wa kuchoma.

Kwenye kontena la wifi vilitoka vijiko viwili. Ile 450 ikawa zaidi ya 800.

Muuzaji mzuri ukimpelekea picha ya mzani anarekebisha. Wetu alirekebisha wali, mafuta akagoma, tukahama.

Hatua ya 5: Friji

Chakula kilichoiva kisikae mezani zaidi ya saa mbili, na kwa joto la Dar hata hizo ni nyingi. Friji iwe chini ya nyuzi 5. Ukipasha, kipashe mpaka kitoe mvuke katikati, si pembeni tu. Umeme ukikatika muda mrefu, au LUKU ikiisha usiku mmelala, wali wa jana tupa.

Hatua ya 6: Visivyo kwenye kontena

Chai yenye vijiko vitatu vya sukari, mara nne kwa siku, ni kalori kama 200. Soda ya nusu lita ni zaidi ya 200. Andika kila kinachopita mdomoni, pamoja na ile chapati ya mtoto uliyommalizia. Siku ya shughuli kula pilau sahani moja na nyama, ruka soda, na kesho yake rudi kwenye kontena bila kufunga kwa kujiadhibu.

Hatua ya 7: Mzani wa mwili

Asubuhi, baada ya choo, kabla ya chai, mara moja kwa wiki. Wiki ya kwanza utashuka sana kwa sababu ya maji. Usitangaze kwenye grupu la familia. Baada ya hapo nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha. Ukiona wiki tatu mzani umeganda, rudi hatua ya 4, maana majiko hubadilisha wapishi.

Hatua ya 8: Kuacha

Anza kwa kupika chakula cha usiku mwenyewe huku cha mchana kikiletwa, kisha geuza. Kontena zao usizitupe. Pima gramu 150 za wali, weka ndani, chora mstari kwa maka peni pale ulipoishia. Pakulia humo kwanza, ndipo uhamishie kwenye sahani, na sufuria ibaki jikoni.