Pikipiki ikiyumba ukiwa spidi: anza kukagua nyuma

Wadau wa safari ndefu, hii ni kwa wale wenye pikipiki kubwa mnaotoka Dodoma kwenda Singida, au Morogoro, au mnaopita Mtera kuelekea Iringa, mabegi pembeni, boksi nyuma, na pengine abiria juu yake. Mjini chombo kinatulia kabisa, af ukishapita Nala lami imenyooka unavuta mafuta, ikifika 110 hivi unasikia mkia umeanza kuyumba taratibu, ukigusa 120 pikipiki nzima inaogelea. Watu wengi wakifika hapo wanaenda kwa fundi wanamwambia usukani unacheza, fundi naye anakaza nati ya shingo, pale usukani unapozungukia, hela inaenda na ugonjwa unabaki palepale. Usukani ndio unaoushika kwa hiyo ndio unaoulaumu, lakini mara nyingi tatizo umelikalia.

Kwanza jua inacheza vipi, maana ziko aina mbili na dawa zake hazifanani. Ya kwanza ni usukani peke yake kutikisika harakaharaka kushoto kulia, kama mara 6 mpaka 10 kwa sekunde, na inapenda kuja ukiachia mafuta spidi inashuka kutoka 80 kwenda 60, hasa ukiwa umelegeza mikono. Hapo angalia tairi la mbele, balansi ya rimu na beringi za shingo. Ya pili ni pikipiki nzima kuyumba, mbele na nyuma pamoja, polepole zaidi, kama mara 2 mpaka 4 kwa sekunde, na inakuja spidi ikiwa kubwa. Hii ya pili ndio inayowasumbua wasafiri, na chanzo chake mara nyingi ni mzigo, shokapu ya nyuma, tairi la nyuma au bushi zilizochoka. Na ujue mzigo mbaya wa nyuma unaweza kuleta hata ile ya kwanza, kwa sababu tairi la mbele linabaki jepesi.

Sasa mzigo. Umewahi kuona mkokoteni uliopakiwa magunia yote nyuma ya ekseli, msukumaji anabaki ananing'inia kwenye mikono? Boksi la nyuma linafanya hivyohivyo, maana limekaa nyuma ya ekseli na tena juu, kila kilo unayoweka humo inainyanyua mbele, na upepo nao unalipiga kama tanga. Kuna jamaa wanatoka Dodoma na katoni ya mvinyo wa zawadi ndani ya boksi, juu ya boksi wamefunga begi lingine kwa mpira, af wanashangaa chombo kinayumba. Soma kibandiko ndani ya boksi lako, mengi yameandikwa mwisho kilo 5 mpaka 10, na mengine yanataja kabisa na spidi ya mwisho. Vitu vizito kama spana, tyubu, pampu na maji viweke chini kwenye mabegi ya pembeni, upande wa karibu na wewe, au begi la juu ya tenki. Boksini weka koti la mvua na nguo. Pembeni kushoto na kulia vilingane, shika kwa mkono tu uone, sio lazima mizani. Abiria akae karibu na wewe, asiegemee boksi, maana akiegemea na uzito wake wote umehamia huko nyuma.

Ukishapakia, kaza springi ya shokapu ya nyuma. Hii watu hawaifanyi kabisa, wanatembea na mipangilio ya mtu mmoja asiye na mzigo huku wamebeba familia nzima, nyuma inakaa chini, mbele inanyanyuka, taa inamulika miti. Kipimo chake ni rahisi. Nyanyua pikipiki kwa stendi kubwa tairi la nyuma lining'inie, pima kwa futikamba kutoka ekseli mpaka alama yoyote uliyoweka juu yake kwenye bodi. Ishushe, panda wewe, abiria na mizigo yote, mtu mwingine apime tena palepale. Tofauti ya vipimo viwili iwe kama theluthi moja ya mwendo wote wa tairi la nyuma kupanda na kushuka, kwa hiyo ikiwa mwendo huo ni milimita 190, unatafuta kama 60. Ikizidi, kaza. Pikipiki nyingi kubwa zina kirungu cha kuzungusha kwa mkono pembeni, nyingine zinataka spana maalumu. Af bonyeza siti kwa nguvu uachie, inatakiwa ipande mara moja itulie. Ikidundadunda, shokapu haizuii tena, na kama imevuja oili usijisumbue kukaza chochote, hiyo ikafanyiwe matengenezo au ibadilishwe.

Upepo wa tairi pima asubuhi kabla hujawasha, tairi likiwa la baridi. Fuata namba za pikipiki yako, zipo kwenye kitabu au kwenye kibandiko, zile zilizoandikwa ubavuni mwa tairi ni kiwango cha juu cha tairi lenyewe. Kwa mfano BMW R 1250 GS ni psi 36 mbele na 42 nyuma. Nunua geji yako ndogo, za vituo vya mafuta kila moja inasema lake. Na ukifika Manyoni saa saba mchana, lami inachoma, ukapima ukakuta imepanda, usitoe hata kidogo! Joto ndio limepandisha, na zile namba za kitabu ni za tairi baridi, ukipunguza hapo unaondoka na tairi laini kwa safari iliyobaki.

Tairi lenyewe nalo liangalie umbo. Barabara zetu za huku zimenyooka, kwa hiyo nyuma inaliwa katikati tu, inakuwa bapa na kingo mbili pembeni, na ukilaza kidogo kumkwepa mbuzi au kuovateki lori unaikanyaga ile kingo, chombo kinajirusha. Kashata (meno ya tairi) zimebaki nyingi, mtu anakwambia bado zima, lakini umbo limeshaharibika. Kwa tairi la mtumba soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na matairi ya meno makubwa ya vumbi ni matamu ukiingia porini, ila kwenye lami kwa 120 yanaruhusu pikipiki kucheza, hilo ulikubali au uende taratibu.

Baada ya hapo ndio unaingia kwenye vyuma. Shika tairi la nyuma pande mbili, likiwa juu, sukuma na kuvuta kushoto kulia. Likigonga, shika sasa swingamu yenyewe, ule mkono unaobeba tairi, utikise. Ikicheza hiyo, ni bushi au beringi za swingamu, isipocheza ni beringi za tairi. Kama ni ya cheni, hakikisha tairi limekaa sawa, usiamini zile alama za kukazia cheni peke yake, vuta uzi kutoka nyuma ya tairi la nyuma mpaka mbele, pande zote mbili, uone kama tairi la mbele limekaa katikati ya nyuzi.

Shingo pia ina kipimo chake. Tairi la mbele likiwa hewani, shika miguu ya shokapu za mbele chini kabisa uvute na kusukuma, ukisikia inagonga, imelegea. Af zungusha usukani taratibu, ukihisi kama unaingia kwenye kishimo pale katikati, beringi zimekula, kukaza hakusaidii, zibadilishwe. Na ikikazwa kupita kiasi pikipiki inakataa kujinyoosha yenyewe, inatangatanga hata ukiwa 40. Kuhusu ile dampa ya usukani, kifaa cha kuzuia usukani usitikisike, wanayopenda kuuza, mimi naona ni ya mwisho kabisa, ukifunga kabla ya kurekebisha haya umeficha ugonjwa tu.

Kingine ni mikono yako. Kati ya Manyoni na Singida upepo wa pembeni ukishika unashika kweli, na mtu akiogopa anakaza mikono, kila upepo ukimsukuma kifua unaenda moja kwa moja kwenye usukani. Bana tenki kwa magoti, viwiko vilegee, inamisha kifua mbele kidogo. Koti linalopeperuka funga. Na semi linalokuja mbele yako litakusukuma kwanza likifika usawa wako, af likipita linakuvuta, kwa hiyo kaa mbali na mstari wa kati. Ukiwa nyuma ya lori, baki mbali au lipite, usikae pale katikati kwenye hewa iliyovurugwa na lori. Penye mifereji ya magurudumu ya malori pita kati ya mifereji miwili.

Ikianza kucheza ukiwa barabarani, usikamate breki kwa pupa wala usiongeze mafuta eti inyooke. Usipigane na usukani. Bana magoti, lala mbele uweke uzito juu ya tenki, achia mafuta polepole mpaka itulie, af tafuta pembeni penye nafasi usimame.

Kujaribu, badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichoponya. Chukua kipande cha kutoka Mbande kwenda Kibaigwa asubuhi kabla upepo haujaanza na malori hayajajaa, vijijini 50 kama kawaida maana tochi zipo. Nenda na mzigo wote, rudi bila boksi. Ikitulia bila boksi, jibu unalo. Ikiyumba hata bila boksi, upepo wa tairi uko sawa na springi umeikaza, peleka shokapu na swingamu kwa fundi, na umwambie asiguse shingo mpaka amalize nyuma.