Somo: Kisiwani Pemba, kutoka Konde, Msitu wa Ngezi, pwani ya Vumawimbi hadi mnara wa taa wa Kigomasha kwa miguu

Watu wengi huuliza kuhusu nyoka, lakini safari hii huharibiwa na maji. Ama kijito kimefurika msituni baada ya mvua ya usiku, ama bahari imejaa kabla hujamaliza pwani ya mawe. Kwa hiyo somo linaanzia kwenye mwezi, si kwenye viatu.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa mwezi

Pwani zetu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ndiyo bamvua: maji hupwa mbali sana mnamo saa 4 asubuhi, yakajaa sana mnamo saa 10 jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika arubaini hadi hamsini. Ukifika mwezi 8 au 22 (siku za mwezi mwandamo, si tarehe za kalenda) ni maji mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana, na kupwa kwenyewe kumeshasogea hadi alasiri.

Unachotaka ni siku ambayo maji yamekupwa kabisa baina ya saa 5 na saa 7 mchana. Hiyo ni siku ya 3 hadi 5, au ya 17 hadi 19, ya mwezi mwandamo. Kipande cha pwani kipite ndani ya saa mbili kabla ya kupwa kabisa na saa mbili baada yake. Anayekwenda siku ya mwezi mpevu na kuchelewa msituni hufika pwani maji yanarudi, na mchanga ulioachwa mkavu ni ule laini wa juu unaozama kifundoni. Mwendo wa saa moja huwa wa saa mbili.

Kwa majira, Januari na Februari ni kukavu lakini jua kali. Juni hadi Oktoba kuna baridi ya kusi na ndiyo bora. Masika, Machi hadi Mei, iache.

Hatua ya 2: Mkoba

Maji lita 3 kwa mtu mmoja. Usitegemee madafu, yapo vijijini, msituni hayapo. Chukua mkate, tende, chumvi kidogo, dawa zako na mfuko wa nailoni wa kutilia simu. Viatu viwe raba zenye meno na soksi ndefu. Malapa weka mkobani, pwani utayataka. Suruali au sketi ndefu inatosha kwa yote mawili, miiba na heshima ya vijiji. Kinadada wawe na mtandio au kanga.

Hatua ya 3: Konde hadi lango la msitu

Panda gari ya asubuhi kutoka Chake au Wete ushuke Konde. Kutoka hapo ni kama saa moja kwa miguu, au boda ukitaka kuokoa nguvu. Saa 2:30 uwe umeshalipa ada langoni na umepata mtembezaji. Lipia dirishani, chukua risiti. Mtembezaji si pambo: njia ndogo za kuni na njia za msitu hufanana, na mtu asiyezijua hugundua kosa akiwa ameshafika kwenye mikoko.

Msimu wa karafuu utakuta majamvi yameanikwa pembezoni mwa barabara. Zunguka, usikanyage hata ncha ya jamvi.

Hatua ya 4: Ndani ya Ngezi

Hapa ndipo pa kwenda polepole. Ngezi ni mabaki ya msitu uliofunika upande huu wa kisiwa kabla mikarafuu haijaenea karne ya 19. Kuna mivule mikubwa, kuna vijito, kuna madimbwi. Asiye na nguvu ya safari nzima apite njia fupi ya Joshi, mzunguko wa takriban saa moja, kisha arudi langoni.

Kuvuka kijito: kata shauri kabla ya kutia mguu. Maji yakiwa chini ya goti na unaona mchanga, pita. Yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa na yanabeba majani mengi, juu kumenyesha. Subiri au geuka. Fungua mkanda wa mkoba ili ukianguka usikuvute. Elekeza uso maji yanakotoka, shika fimbo mbele, sogeza mguu mmoja mmoja. Gogo lililolala juu ya kijito linavutia sana, na ndilo linalovunja watu viuno: ukungu wa kijani juu yake huteleza kama sabuni.

Siafu wakivuka njia, ruka, usisimame kupiga picha. Tia suruali ndani ya soksi. Upupu ukikushika usikune, maana unazidi kuzisukuma nywele zake ndani ya ngozi. Bandika selotepu na uibandue mara kadhaa, kisha osha kwa sabuni.

Tazama juu pia. Popo wa Pemba, ambaye hapatikani penginepo duniani, hulala mchana akining'inia mitini, na mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita moja na nusu. Usipige makofi ili aruke. Na ukikuta vitambaa vyekundu au vyeupe na vyetezo chini ya mti au jiwe, hapo ni mzimuni, usiguse kitu.

Hatua ya 5: Vumawimbi hadi mnara

Msitu hadi pwani ni saa mbili na nusu kwa mwendo wa kutazama. Vumawimbi ni mchanga mweupe usio na kivuli, kwa hiyo kula na upumzike kabla hujatoka mitini. Kisha fuata mchanga mgumu kuelekea kaskazini. Kadiri unavyokaribia rasi pwani inageuka jiwe: vaa raba tena, malapa hukatika juu ya jiwe la matumbawe na nyayo pia. Maji yakianza kupiga mguu wa jabali, panda juu utafute njia ya ndani. Usishindane nayo.

Mnara wa Ras Kigomasha ni wa chuma, umejengwa mwaka 1900. Mlinzi akikuruhusu kupanda, acha mkoba chini; ngazi ni nyembamba.

Hatua ya 6: Kurudi

Mnara hadi lango ni kama kilomita tisa kwa barabara ya Makangale. Miguu ikichoka ni mbali, basi panga boda tangu asubuhi akufuate. Ijumaa gari hupungua mchana kwa ajili ya sala.

MASUALI YA WANACHAMA

Suali (Wete): Assalaam alaykum. Simu yangu inasema maji yanakupwa 11:20. Ndiyo saa kumi na moja na dakika ishirini?

Jibu: Waalaykum salaam, yakhe. Hapana, hiyo ni saa 5:20 asubuhi. Simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, wewe unahesabu kuanzia alfajiri. Toa sita. Kosa hili limewapeleka wengi pwani maji yamejaa.

Suali (Chake): Nna mtoto wa miaka minane. Ataweza?

Jibu: Njia ya Joshi, ndiyo, dada. Safari nzima hapana. Au mfike Vumawimbi kwa gari, mcheze, mrudi.

Suali (Mjini Unguja): Tutawaona kima punju kama Jozani?

Jibu: Usiweke tamaa. Wa Ngezi waliletwa kutoka Unguja mwaka 1974, wachache tu. Ukiwataka hao, Jozani iko karibu na nyumbani kwako, maalim.

Suali (Mkoani): Kuoga kwenye kijito au dimbwi kuna ubaya?

Jibu: Kuna kichocho. Konokono wake hukaa kwenye maji yaliyotulia au yaendayo taratibu, hasa penye majani na kwenye mabonde ya mpunga, na vijidudu hutoka kwa wingi mchana jua likiwa kali. Kuvuka haraka ni hatari ndogo kuliko kukaa majini, lakini si salama kabisa. Ukishaingia, pima mkojo baada ya miezi miwili au mitatu hata kama huoni damu. Ikipatikana, dawa yake ni prazikwanteli. Oga baharini.

Suali (Dar es Salaam): Naweza kununua kilo mbili za karafuu kwa mkulima njiani?

Jibu: Usifanye. Mkulima huuza kwa ZSTC tu, yaani shirika la biashara la serikali ya Zanzibar; nje ya hapo ni magendo, na utamtia matatani yeye kabla yako. Nunua za pakiti dukani, na uliza risiti.

Suali (Wete): Kulala Vumawimbi kwa hema?

Jibu: Kwanza ruhusa ya sheha (kiongozi wa serikali wa eneo hilo), kisha ya watu wa msitu. Wakikubali, tia hema juu ya mstari wa majani makavu yaliyoachwa na bamvua, si chini yake.